Usiangalie Mupira

Bunia, tarehe 12 mwezi ya tatu 2002

Didier mujukuu yangu, beki ya kushoto, kule Kampala,

Bote banaisimulia mubaya. Ningeanza na salamu kama mukristo, lakini nimetoka soko na roho inachemuka, ngoja nitulie kwanza. Jambo. Uko namuna gani? Siye huku tuko. Mama yako Angélique iko, anakusalimia mara mingi. Plamedi dada yako mudogo iko, ndiye anaandika hii, juu miye koko yako, baba ya mama yako, masomo nilipitaka tu kando ya dirisha yake nikienda ku mupira. Mbuzi ilizala mbili. Mahindi inakauka. Bon, salamu imeisha.

Nilikuta Ambroise, ule mwenye kunyoa batu nywele, anaelezea kijana moja juu ya ile finale yenu ya Bunia. Anasema mupira ilikugonga mugongo weye ukiwa unaikimbia. Mwingine anasema arbitre alikuwa amekwisha kupiga filimbi. Muke moja mwenye kuuzisha nyanya anasema hata haukuwa weye, ilikuwa beki mwingine mwenye kichwa kama yako. Nikabaambia: mufunge kinywa, miye nilikuwa pale, ilikuwa hivi.

Dakika ya mwisho. Gardien yetu, mulinzi ya goli, iko chini, amelala kama mutu anatafuta sindano. Ule mushambuliaji ya ekipe ya Mongbwalu, ya batu ya zahabu, mwenye mapaja kama nguzo ya daraja, anakuya na mupira. Mabeki bote banaangalia mupira. Weye ukaangalia kiuno yake, juu mupira inadanganya, miguu inadanganya, macho inadanganya, lakini kiuno ya mutu haijue bongo, haijue kusema uongo. Nani alikufundisha hiyo? Plamedi, andika: nani alimufundisha? Kiuno ikaenda kushoto, na weye ulikuwa umekwisha kufika ku mustari, ukatosha mupira inje na kisigino ya kushoto, hata haukuiangalia. Mupira ikaruka ukuta, ikaangukia ndani ya karai ya mikate ya mafuta ya mama moja, na ule mama aliitosha ikiwa imeiva.

Na kuko jambo moja yenye Ambroise hajue. Mama yako alikuwa pale. Nyuma ya goli, na mwavuli yake ya rangi ya kahawa, ile ya chuma moja yenye kuvunjika. Hakupiga kelele. Ulipotosha mupira, akafunga mwavuli, akaenda.

Plamedi ameinua kichwa ananiangalia. Nimemuambia, andika.

Hata miye wakati ya Babeleji, ku ekipe ya mugodi, miguu wazi, nilizuia mupira ya padri moja na tumbo, na alama ya kamba ya ule mupira ilibaki ku ngozi mpaka nilipooa. Koko yako muke alikuwaka anaisoma kama gazeti.

Mama anakutumia samaki ya moshi kwa Katsuva, ule muchuuzi ya Butembo yenye kuvukisha samaki toka Tchomia, kule ku ziwa mama iko na nyumba yake ya moshi. Tumbo inamusumbua mama kidogo siku hizi, yeye anasema ni mihogo. Kula, na bakishia muke yako ya huko, bibi yetu siye wawili. Kama haiko, tafuta, nimechoka kumungojea.

Koko yako Gérard, mwalimu yako


Kampala, tarehe 30 mwezi ya ine 2002

Koko Gérard, mushindani yangu,

Jambo kwako, kwa mama, kwa Plamedi. Miye niko muzuri. Magoti inauma kidogo nyuma ya mechi, halafu inapona. Bibi yetu haiko bado. Entraîneur ya ekipe anatulaza mapema kama kuku.

Samaki ilifika. Katsuva alinikuta ku mulango ya stade. Nilipofungua karatasi nikaona mikia yote imechomekwa ku shavu ya kushoto, nikacheka peke yangu. Bamama bote ya Tchomia banakunja kambale na kupitisha mukia ku shavu ya kuume. Mama peke yake, juu anatumikaka na mukono ya kushoto, samaki yake inaangalia upande mwingine. Hata bachanganye samaki ya soko muzima, nitatosha yake na vidole tu. Mukono yake ya kushoto, muguu yangu ya kushoto, mumoja ilizala ingine. Sijavua viatu, marafiki ya chumba bamekwisha kumaliza mbili.

Koko, ile jambo ya mwavuli. Mama hakuniambiaka. Siku ile nilijua iko Tchomia. Niliona bamama ya bengine banaingia ku kiwanja kukumbatia batoto yabo, na miye nikainama, nikajifanya nafunga viatu. Sasa, tangu barua yako, kila mara naingia ku kiwanja naangalia nyuma ya goli. Muulize mama juu ya nini alinyamaza.

Kuko habari. Mubeleji moja mwenye kofia alikuya kutuangalia mara mbili. Anataka niende kwabo mwezi ya kwanza, banipime ku ekipe moja ya kamuji kadogo. Kama banikubali, nitakuwa muchezaji ya kweli, yenye mupira ndiyo kazi yake na hana ingine. Lakini sitapanda ndeke ya kwenda Ubeleji mbele ya kuona mama. Yeye avuke ziwa akuye huku, ama miye nivuke nikuye kule.

Didier


Bunia, tarehe 2 mwezi ya tisa 2002

Didier,

Jambo. Barua yako ilikawia mpaka ikazeeka kama miye, na ilifika ikiwa imefunguliwa. Inaonekana ku kila barieri ya basoda balisoma juu ya magoti yako. Sasa Ituri nzima inakuombea. Kwa hiyo sitaandika jina ya kabila yoyote humu. Jua tu kama mwezi ya nane bunduki ililia Bunia, na siku hizi mutu anakuuliza jina ya baba yako mbele ya kukupa jambo. Bati yetu imetobolewa. Mvua inaingia pashipo hodi. Mbuzi haiko tena. Nabaambia batu kama mbuzi ilienda kusoma. Plamedi iko, anaandika, anasema nisicheze na mbuzi juu aliipenda.

Ule Ambroise amehama, hatujue wapi. Kiti yake ya kunyolea imebaki inje ku mvua. Sina mutu ya kubishana naye sasa, na siku inakuwa murefu.

Mama yako. Ile tumbo haikuwa mihogo. Tulimupeleka Nyankunde ku lopitali, bakamupasua, bakamushona, na salamu yenye kufika jana inasema amekwisha kunywa buji na kulalamika kama haina chumvi. Basi amepona. Atarudi wakati kidonda itakauka. Mbele aende, Plamedi alimusomea barua yako. Kusikia ya mwavuli, alicheka tu, akanitupia macho. Kusikia ya Mubeleji, alisema hivi, na hii ni maneno yake, sikuongeza kitu: "Mwambie aende. Asikuye kuniona nikiwa nimeshonwa kama gunia ya mahindi."

Umesikia. Usivuke ziwa. Kama unataka kujua mawimbi iko namuna gani, uliza Katsuva.

Koko Gérard


Kampala, tarehe 19 mwezi ya tisa 2002

Koko,

Jambo kwa bote. Radio inasema vita imeingia Nyankunde na batu mingi sana bamekufwa. Mama iko wapi? Usinipe hadisi. Andika neno moja tu: iko, ama haiko.

Didier


Bunia, tarehe 10 mwezi ya kumi na moja 2002

Didier mujukuu yangu,

Jambo mingi mingi. Anaandika Agathe, jirani yetu, bibi ya mwalimu, juu Plamedi ameumia kidole. Agathe ana mwandiko muzuri, lakini ku kila mustari anauliza "ni hivyo kweli, muzee?" kama mutu ya douane ku mupaka.

Iko. Umetaka neno moja, nimekupa. Sasa niache niseme na ingine, juu miye neno moja inanikwama ku koo kama mufupa.

Mama yako ni mutoto yangu, damu ya mabeki. Wakati risasi ilianza Nyankunde, alishuka ku kitanda, akavaa gauni, akachukua sufuria, juu nani anaachaka sufuria, akatoka. Akapita ku majani yenye kuzidi kichwa, na kidonda yake, mpaka njia ya Irumu. Kule akakutana na chui. Agathe amesimamisha kalamu. Bon, haikuwa chui, ilikuwa mbwa mukubwa, lakini mama aliipiga na sufuria mpaka ikaomba radhi. Toka pale polepole akafika Tchomia, ku nyumba yake ya moshi, na sasa ananenepa, anagombana na bavuvi, anabaambia samaki yabo ni vidole ya batoto. Hii samaki yenye nakutumia ni ya mukono yake. Ukila, utajua.

Anasema: "Didier asikuye. Aende kule kwa baridi, avae soksi mbili." Anasema tena: kama Bazungu banakuuliza nani alikufundisha, usisahau jina ya koko yako. Muulize ule Mubeleji ya kofia kama hataki beki moja muzee. Uzoefu niko nayo. Ni meno tu inapunguka, na beki haumi.

Siye tuko muzuri. Nalala muzuri, nakula muzuri, nacheka sana siku hizi. Muulize Agathe.

Koko yako, mwalimu yako, Gérard


Kampala, tarehe 4 mwezi ya kumi na mbili 2002

Koko Gérard,

Jambo. Natumaini munaamka. Miye nacheza, magoti inatulia. Ku mechi ya mwisho hakuna mutu alipita upande yangu.

Samaki ilifika. Asante kwa mwenye kuitengeneza.

Koko, nilipanga kambale zote ku meza, nikazigeuza moja moja. Mikia yote iko ku shavu ya kuume. Moshi ni muzuri, chumvi ni muzuri, ni kazi ya mutu yenye alijifunza kwa mama. Naona ni Plamedi. Kama kidole ilimuuma hata hawezi kushika kalamu, namuna gani alikunja samaki yote hii?

Weye ulinifundisha nisiangalie mupira. Chui ilikuwa mupira, koko. Sufuria, soksi mbili, yote ilikuwa mupira. Uliicheza muzuri sana, nilicheka hata. Halafu nikaangalia samaki.

Nakuuliza mara ya mwisho. Noeli ikipita nitashuka mpaka Ntoroko, nitapanda mutumbwi, nitakuya kutafuta mama yangu. Mubeleji atangojea ama hatangojea. Miye ndiye mutoto ya kwanza. Kama kuko kilio, ule mukeka ya mulango ni yangu na iko wazi.

Didier


Bunia, tarehe 26 mwezi ya kumi na mbili 2002

Didier, mutoto ya mutoto yangu,

Jambo. Plamedi iko, ameshika kalamu tena. Kidole yake haikuumaka. Alikatala kuandika bongo yangu, ndiyo maana nilienda kwa Agathe. Leo amesema ataandika kama nasema ya kweli tu, na iko hapa mbele yangu, ananilinda kama vile basoda banalinda barieri.

Mama yako haiko.

Muke moja ya hapa Bunia, Charlotte, alikuwa Nyankunde kuuguza mutoto yake. Alitembea na mama yako, ndiye alikuya kutueleza. Risasi ilianza asubuhi. Balitoka nyuma, bakaingia ku majani, batu mingi pamoja, kila mutu na kile alishika. Hakuna mutu alimupiga mama yako. Ni kidonda ilifunguka njiani. Alitembea akishika tumbo na ule mukono ya kushoto. Alikaa chini, akainuka. Akakaa tena, na hakuinuka. Balimuzika palepale kando ya njia ya Irumu, na jembe yenye baliokota ku shamba ya mutu mwenye naye alikuwa amekimbia. Charlotte alituletea kitambaa yake ya kichwa. Sufuria haikuwako. Ile sufuria ni yangu, ya kutunga.

Sikuona maiti. Kila asubuhi nilikuwa najiambia, leo atafika, atauliza nani amemaliza chumvi yake. Ile bongo nilikutumia, nusu yake nilikuwa nakula mwenyewe.

Na nilikataza kilio. Unajua desturi yetu. Batu banakuya, banalala inje, na mukeka ya mulango inakaliwa na mutoto ya kwanza. Ndiye anapokea mukono ya kila mutu, na mbele yeye akae hakuna kilio inafungwa. Kama ningefungua kilio, bachuuzi ya samaki bangeona, na habari ingevuka ziwa mbele hata ya bwato ya Katsuva, na weye ungekuya kukaa ku mukeka yako. Basi nikasema: ku hii lupango, nyumba na kiwanja yake, hakuna kulia. Jirani balininunia. Banasema muzee Gérard amezika binti yake kama mutu anazika kuku. Plamedi akishuka Tchomia, analia ndani ya nyumba ya moshi. Pale kila mutu anatoka na macho mekundu, hakuna wa kumuuliza.

Sasa sikiliza, na hapa sichezi. Ku Tchomia kijana akishuka ku mutumbwi anachaguliwa. Banaangalia uso, banaangalia mabega, banauliza jina. Mwenye miguu kama yako, ama banamupa bunduki, ama banamulaza chini. Sijaona njia ingine. Nimetuma Katsuva na hii barua, nimemuambia akae Ntoroko ku mitumbwi mpaka akuone. Miye nimekwisha kutoa mutoto. Usinipeleke kutoa na mujukuu.

Kama unanipenda, geuka. Kama haunipende, geuka vilevile, unichukie ukiwa Ubeleji.

Gérard


Ubeleji, tarehe 6 mwezi ya ine 2003

Koko, Plamedi,

Jambo. Nimekawia. Kila mara nilianza barua, nikaipasua.

Katsuva alinikuta muguu moja iko ndani ya maji. Nilisoma nikisimama. Mwenye mutumbwi akauliza kama napanda. Akauliza tena. Halafu akasukuma, akaenda na bengine. Nikakaa ku mchanga, Katsuva akakaa karibu yangu, anafukuza nzi ku mizigo yake. Milima yetu ilionekana ng'ambo, karibu sana, kama vile mutu anaweza kuita na mama asikie. Katsuva aliniacha niangalie mpaka nikachoka, ndipo akasema, "Basi, ndugu." Nikageuka.

Balinipima, bakanikubali. Nacheza upande ya kushoto. Baridi inaingia mpaka ku meno, soksi mbili haitoshi. Jina yangu banashindwa kuitaja, banaitaja nusu. Mechi ya samedi moja nilizuia mushambuliaji ya ekipe ingine kabisa, hakugusa kitu, na gazeti ikaandika kama niko na macho ku mugongo. Rafiki bakaimba. Miye niliinama nikafunga viatu, na viatu haikuwa imefunguka.

Koko, sijakusamehe. Nataka ujue. Uliniibia kilio yangu. Na uliniacha muzima, najua hiyo pia. Hii mbili inagombana mu roho yangu kila siku na hakuna inashinda.

Ndani ya hii furushi kuko maillot yangu ya mupira. Sikuifua, niliicheza. Iweke ku mukeka, fungua kilio, muache Plamedi alie inje ya moshi.

Nakuomba jambo moja. Chui ilikuwa bongo, sufuria bongo, soksi bongo. Lakini ile mwavuli ya kahawa, kila mechi naiangalia nyuma ya goli mbele tuanze, na ndiyo inanisimamisha. Ni ya kweli? Plamedi aandike vile utajibu.

Didier


Bunia, tarehe 17 mwezi ya nane 2003

Didier,

Jambo. Tuko. Siku hizi hiyo ni neno kubwa. Furushi yako ilikaa kwa Katsuva kule Butembo wakati yote ya vita, juu mwezi ya tano hapa hakukuwa njia ya kuingia wala ya kutoka. Miye na Plamedi tulikuwa ku kambi kando ya uwanja ya ndeke, chini ya plastiki, batu bamejaa kama maharagi ndani ya gunia. Sasa kuko basoda Bazungu banapita mu muji na magari, na siye tumerudi. Nyumba imebakia ukuta tatu. Nalala ku ile pembe yenye ukuta mbili inakutana. Agathe na mwalimu balikimbilia Beni, tumesikia balifika. Tchomia nayo ilipigwa. Nyumba ya moshi ya mama yako haiko. Meno yangu ingine ilianguka, hakuna mutu aliipiga, ilichoka tu kungojea nyama.

Tulifungua kilio. Maillot yako tuliilaza ku mukeka, ku mulango, ku nafasi yako, mikono yake tukainyoosha. Kila mutu yenye kuingia aliinama, akaishika ku mukono, akasema pole. Muzee moja akasimama hapo, anasema nguo ya mupira haiko kitu ya kuweka ku kilio. Plamedi akamuambia, "Koko, huyu ndiye mutoto ya kwanza. Musalimie, upite." Akaisalimia. Plamedi alilia inje, mbele ya batu bote, mpaka sauti ikaisha. Miye pia nililia. Utasikia banasimulia kama muzee Gérard alilia mpaka bakamushika mabega. Hapo bata­simulia muzuri.

Hauko umenisamehe, nimesikia. Bakia hivyo, lakini bakia na magoti muzuri.

Sasa mwavuli. Plamedi ameinua kichwa ananiangalia, kama ile siku ya barua ya kwanza.

Hakukuwa mwavuli. Mama yako hakufikaka ku stade, siku ile wala siku ingine. Alikuwa Tchomia anageuza samaki, juu samaki ku moto haingojee finale. Niliitunga juu Ambroise alinikasirisha. Tena niliitunga juu siku ile ya finale nilikuwa nimesimama karibu, na nilikuona unafunga viatu yenye ilikuwa imefungwa.

Ngoja, usikunje barua. Kesho yake ya finale nilishuka Tchomia. Sijakaa hata, mama yako anasema, "Eleza." Nikaeleza, na unajua vile naelezaka. Akasema, "Maneno mingi, sioni kitu. Onyesha." Akafagia meza ya samaki na ule mukono yake, akaleta kambale: huyu gardien, huyu ule mutu ya Mongbwalu, kijiti hii mustari ya goli. Weye ulikuwa tilapia, kadogo, kanene. Plamedi alikuwa arbitre, muulize, anaitika na kichwa sasa hivi akiandika. Nikasogeza bote vile ilikuwa. Mama yako anauliza, "Alijua namuna gani?" Nikamuambia, aliangalia kiuno. Akachukua ule kambale ya Mongbwalu, akaikunja kiuno, polepole, kushoto. Halafu akachukua tilapia mwenyewe, akaipeleka ku mustari. Akairudisha, akaipeleka tena. Akanisukuma kando, anasema namuzuilia mwangaza. Aliicheza ile mechi yenu peke yake mpaka moto ikazima, halafu akanigombeza miye juu ya moto.

Mutu ya Mongbwalu tulimukula na bugali. Gardien alimuuzisha. Tilapia, Katsuva aliiona akaitaka, na mama yako akamukatalia. Aliipachika ku musumari juu ya mulango ya nyumba ya moshi, ikakaa pale mpaka ikawa ngumu kama ubao, na kila muchuuzi yenye kunyoosha kidole anaulizia bei, alikuwa anamuambia, "Hii haiuzwe. Hii iko inacheza."

Koko Gérard